Gharama ya Ndoo Moja ya Maji Salama

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mwankoko, Singida)



Tuliagizwa na Halmashauri tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: fedha zilizomo katika mfuko wa kusaidiana zitumiwe kwa njia gani, ili watoto wetu na watoto wa majirani zetu wasiugue maradhi ya kuhara kila mvua zinapoanza. Sisi si waganga, wala si mafundi wa maji. Kazi yetu ni kalamu na daftari. Walakini jambo hili, likiisha kuvuliwa maneno mengi yanayolizunguka, ni jambo la hesabu, na hesabu ndiyo tuliyofundishwa.

Halmashauri imeletewa mashauri matatu. La kwanza, kila mwanachama anunuliwe chujio la udongo la kuchujia maji ya kunywa. La pili, chama kinunue chupa za dawa ya klorini na kuwauzia wanachama kwa nusu ya bei. La tatu, chombo cha klorini kisimamishwe penye visima vya kuchotea, na kila achotaye atie dawa katika ndoo yake bila ya kutoa senti. Tena wako waliosema fedha ziachwe zilipo, maana nyumba nyingi za wanachama zina bomba sasa, na maji ya bomba hayana haja ya dawa.

Yafaa tuanze na hao wa mwisho, kwa kuwa neno lao lina ukweli ndani yake. Mwankoko si mahali pasipo maji. Visima virefu vilivyochimbwa hapa kwetu ndivyo vinavyosaidia kuunywesha mji wa Singida, mji uliojengwa kando ya maziwa mawili, Singida na Kindai, ambayo maji yake ni ya chumvi na hayamfai mtu kunywa. Basi twaweza kujisifu kidogo kwamba mjini wanakunywa kwetu. Lakini maji kuwa mema ndani ya bomba ni jambo moja, na maji kuwa mema ndani ya kikombe cha mtoto ni jambo jingine. Kati ya bomba na kikombe pana dumu lisilooshwa ndani, pana pipa lililokaa siku tatu, pana kata inayolala sakafuni, na pana mkono wa mtoto uliotoka kucheza na kuku.

Jambo hili limepimwa. Katika wilaya ya Busia, magharibi ya Kenya, chemchemi nyingi zilijengewa kwa saruji ili uchafu wa juu usiingie. Mwaka 2011 Michael Kremer na wenzake walitoa hesabu ya kazi ile. Pale penye chemchemi, vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa kadiri ya 66 kwa mia. Ndani ya nyumba za watu waliochota hapo hapo, vilipungua kwa 24 kwa mia tu. Faida iliyosalia ilimwagika njiani na ndani ya mitungi. Na hapo chemchemi ilikuwa ikitoka kila siku. Kwetu, siku bomba likikaa kimya, kila mtu ajua watoto wanatumwa wapi: katika visima vya mkono vilivyochimbwa mchangani, ambavyo mvua ya kwanza huvijaza kila kilichokuwa kimelala juu ya nchi tangu mwezi wa Mei.

Kwa hiyo bomba halitutoi katika hesabu hii. Tuingie katika mashauri yenyewe.

Kwanza kuchemsha, ambako hakuna aliyekuandika katika mashauri, kwa sababu kila mtu hudhani hakuna gharama. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika penye redio katika vijiji vyote vya Tanzania Bara, wakafundishwa kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Vyoo vilichimbwa kwa wingi sana. Lakini kuchemsha maji ni kazi isiyokwisha, yarudi kila siku, na hukadiriwa kwamba lita 1 ya maji juu ya mafiga matatu yataka kuni kama kilo 1. Nyumba ya watu sita ikinywa lita 10 tu kwa siku, ni kilo 10 za kuni kila siku, mbali na kuni za ugali. Kila mwanachama na aende akaulize bei ya mzigo wa kuni mlangoni pake, kisha azidishe mwenyewe. Na ikiwa kuni hazinunuliwi bali zaokotwa, haimaanishi kwamba ni bure. Maana yake ni kwamba mlipaji ni mke wake au binti yake, na risiti haikuandikwa.

Jua tunalo, na jua la Singida halina mpinzani. Chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ikijazwa maji maangavu na kulazwa juani saa 6, huuawa vijidudu vingi vilivyomo. Katika nchi ya Wamasai, huko Kajiado, jambo hili lilijaribiwa kwa watoto katika miaka ya 1990, na kipindupindu kilipowafikia, watoto wadogo walionywa maji ya juani waliugua kwa uchache kuliko wenzao. Ni njia njema kwa mtu mmoja mwenye bidii. Lakini penye mawingu chupa hutakiwa kukaa siku 2, na maji ya tope hayapenyi jua. Maradhi yetu huja wakati gani? Huja wakati wa mawingu na tope. Dawa inayokwenda likizo wakati wa ugonjwa hatuwezi kuitegemea peke yake.

Chujio la udongo ni kitu chema, nasi hatutaki kulisema vibaya, maana wako wanachama wawili watatu walio nalo na wanalisifu. Huondoa tope na vijidudu vingi, na maji yake hayana harufu. Ila hutaka fedha nyingi mara moja, na likianguka likapasuka, fedha zote zimepasuka pamoja nalo. Mwaka 2007 Thomas Clasen na wenzake walilinganisha njia hizi kwa kipimo ambacho wataalamu hukitumia, yaani gharama ya kuokoa mwaka mmoja wa maisha ya mtu katika afya yake. Kwa upande wetu wa Afrika walipata kwamba klorini nyumbani hugharimu dola 53 kwa kila mwaka uliookolewa, matengenezo ya chanzo cha maji dola 123, na chujio la udongo dola 142. Bei hizo ni za zamani, na kila nchi ina bei zake, kwa hiyo tusizichukue kama bei za dukani. Lakini mpangilio wake wafaa kutazamwa.

Sasa klorini. Maji ya dawa yaliyotiwa klorini kwa kadiri ya 1.25 kwa mia, yatosha mililita 3 kwa ndoo ya lita 20 ikiwa maji ni maangavu. Gawanyeni wenyewe: lita 1 ya dawa ni ndoo 333. Nyumba inayokunywa ndoo 1 kwa siku, lita 1 itaikalisha karibu miezi 11. Maji yakiwa na tope, dawa hutiwa maradufu, na afadhali yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Kisha husubiriwa nusu saa. Tena klorini ina sifa moja ambayo moto hauna, wala jua, wala chujio: hubaki ndani ya maji ikilinda. Mtoto akitia mkono katika pipa la maji yaliyochemshwa jana, maji yameharibika. Akitia katika maji yenye klorini iliyosalia, dawa humpinga mdudu.

Hapa karani mwenye haraka angepiga mstari na kuandika jumla: nunueni klorini. Nasi tungefanya vivyo hivyo, kama tusingeuliza swali la pili. Chupa ikiisha kununuliwa, je, hutumiwa?

Katika Kenya dawa ya WaterGuard ilianza kuuzwa madukani mwaka 2003, kwa bei ndogo, na matangazo yalikuwa mengi. Watu waliijua. Ukiwauliza, walikujibu sawasawa kwamba maji machafu huleta kuhara na dawa huzuia. Walakini walipopimwa maji yao huko Busia, nyumba zilizokuwa na klorini ndani ya maji hazikufika hata 1 katika kila 10. Hati za kupunguziwa nusu ya bei zikatolewa. Hazikubadili mambo sana. Kisha wakasimamisha chombo penye chanzo cha maji, tangi dogo lenye kifungulio kinachotoa kipimo cha ndoo moja kwa mzungusho mmoja, bila malipo, na mwenyeji mmoja akachaguliwa kulitunza. Nyumba zilizotumia zikapanda, zikafika kama nusu na zaidi. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa na bei yake.

Sababu yake haihitaji profesa kuieleza. Mama aliyefika kisimani ana ndoo mkononi, anangoja zamu yake, na wenzake wanamwona. Kutia dawa hapo ni kitendo kimoja, na nusu saa ya kungoja huisha njiani kurudi nyumbani. Lakini chupa iliyo rafuni hungoja mtu akumbuke, na mwisho wa mwezi ikiisha hungoja mtu apate shilingi, na shilingi ya mwisho wa mwezi, mabwana, sote twajua ina wadai wangapi.

Kwa hiyo twasema kwamba shauri la pili, la kuuza chupa kwa nusu ya bei, ndilo baya kuliko yote matatu, ijapokuwa katika karatasi laonekana la busara na la kiasi. Litatumia fedha za mfuko kuwapunguzia bei wale ambao wangenunua hata hivyo, na waliobaki hawatanunua.

Twajua litakalojibiwa: mtu hathamini kitu cha bure. Maneno haya tumeyasikia katika Halmashauri mara nyingi, tena kutoka kwa watu tunaowaheshimu. Si maneno ya upuuzi. Mwaka 2006, mjini Lusaka katika Zambia, nyumba ziliuzwa klorini kwa bei mbalimbali ili kupima jambo hili hili, na ilionekana kwamba bei kubwa huwatoa wale ambao hawangeitumia kwa maji ya kunywa, wengine wao wakitaka kuoshea choo. Lakini haikuonekana wazi kwamba kulipa zaidi humfanya mtu aitumie zaidi. Bei huchagua watu, haiwafundishi. Na mwaka 2016 Pascaline Dupas na wenzake walionyesha huko Kenya njia nyingine ya kuchagua: dawa ni bure, ila mtu apewe hati aipeleke dukani mwenyewe. Asiyekusudia kutumia hakujisumbua, na mwenye haja alikwenda. Basi kama wajumbe wanaogopa ubadhirifu, dawa yake ni miguu ya mtu, si mfuko wake. Kwenda kisimani na kuzungusha kifungulio ni kazi ndogo, lakini ni kazi. Hakuna atakayeifanya kwa kubahatisha.

Sasa yatupasa tueleze upande wa pili wa daftari, maana mweka hazina asiyeonyesha madeni si mweka hazina.

Majaribio mengi ya maji ya nyumbani yaliandika kwamba kuhara kulipungua sana. Mwaka 2009 Wolf-Peter Schmidt na Sandy Cairncross waliuliza swali ambalo kila mtu aliyepata kusimamia kazi atalielewa: mtu uliyempa chujio bure, ukimwuliza kama mtoto wake ameugua wiki hii, atakujibu nini? Atataka kukufurahisha. Katika majaribio yale machache ambamo watu hawakujua kama dawa yao ni ya kweli au ni maji matupu, faida haikuonekana. Kisha mwaka 2018 yalitolewa majibu ya jaribio kubwa sana katika Kakamega, Bungoma na Vihiga, na klorini haikupunguza kuhara kwa watoto kule. Mwaka uliofuata majibu ya Zimbabwe yakasema vivyo hivyo.

Tulipoyasoma haya tulikaribia kuirudishia Halmashauri barua ya kukataa kazi. Lakini mambo mawili yalitushika. La kwanza, katika jaribio lile la Kenya, klorini ilikutwa katika maji ya chini ya nusu ya nyumba zilizopewa, na ikazidi kupungua mwaka wa pili. Joe Brown na Thomas Clasen walifanya hesabu mwaka 2012, wakaonyesha kwamba pale penye maji machafu sana, mtu akiacha kunywa maji salama siku 1 tu katika 10, karibu faida yote yaweza kupotea. Hapo ndipo tulipojua kwamba afadhali nyumba 20 zinazotia dawa kila siku kuliko nyumba 40 zinazotia siku moja moja. La pili, kifo hakimfurahishi mgeni. Mama anaweza kusahau siku ya kuhara. Hasahau mtoto aliyemzika. Kremer na wenzake walikusanya majaribio mengi yaliyokuwa yameandika vifo, hesabu waliyoitoa mwaka 2022 na kuirekebisha baadaye, wakaona kwamba kusafisha maji hupunguza vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano kwa kadiri ya robo. Wako wataalamu wanaoibisha hesabu hiyo, wakisema ni kubwa mno. Hata tukiikata nusu, hatuoni kitu kingine cha bei hii chenye kutoa mapato hayo. Na katika mkutano huu yuko aliyezika msimu wa mvua uliopita. Hatumtaji, naye hakutuomba tumtaje.

Yako pia mambo ambayo klorini haiwezi kuyafanya, nasi twayasema mapema ili asiwepo wa kutuambia baadaye kwamba tulimdanganya. Haiondoi chumvi. Haiui kila mdudu. Yuko mmoja, kriptosporidiamu, mwenye gamba gumu, ambaye klorini ya kadiri hii humpita tu. Na haiondoi floridi, ambayo mkoa wetu, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga, umejulikana zamani kuwa nayo katika visima vingi. Meno ya kahawia ya watoto si uvivu wa kupiga mswaki. Shirika la Afya Duniani laelekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, floridi huzidi ukali. Kwa hiyo kabla chombo hakijasimamishwa penye kisima chochote, maji ya kisima hicho yapelekwe kupimwa. Itakuwa ni aibu kubwa tukiwavutia watu kwa dawa ya bure waje wanywe maji yatakayowapinda mifupa.

Tena wingi wa maji una kazi yake. Kitabu cha White, Bradley na White juu ya wachota maji wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1972 baada ya utafiti katika Kenya, Uganda na Tanzania, kilifundisha kwamba maradhi mengine hutoka katika maji tunayokunywa, na mengine hutoka katika maji tusiyo nayo ya kunawia. Trakoma, inayopofusha wazee katika nchi hizi za kati, ni ya namna hiyo ya pili. Huko Kongwa, kwa jirani zetu wa Dodoma, iliandikwa mwaka 1995 kwamba watoto kunawishwa uso, pamoja na dawa ya macho, kulipunguza trakoma kali. Klorini haina neno katika hayo. Shauri letu halichukui mahali pa bomba, wala chama kisiache kudai bomba.

Basi twaomba mkutano ukubali shauri la tatu, kwa taratibu hizi. Chombo kisimamishwe penye visima viwili kwa kuanza, si zaidi. Tumekadiria nyumba 40, kila moja ndoo 5 kwa siku: ni ndoo 200, yaani dawa mililita 600, yaani lita 18 kwa mwezi. Kiasi hicho chawezekana kuhesabiwa na mtu yeyote hapa. Mtunzaji achaguliwe na wachotaji wenyewe, wala asiwe karani, maana karani atakuwa ofisini wakati maji yanachotwa. Apewe kitu kidogo kila mwezi. Kazi ya heshima bila ujira huisha mwezi wa tatu. Dawa itunzwe mahali pa giza na baridi, kwa kuwa jua na joto huidhoofisha, na isinunuliwe ya mwaka mzima kwa pamoja.

Kuna habari ya harufu. Mzee mmoja alituambia kwamba maji hayo yananuka hospitali, na kwamba wajukuu wake watakataa. Alisema kweli. Harufu hupungua maji yakiachwa wazi kidogo kabla ya kunywa, lakini haiishi kabisa, na ni bora watu waambiwe siku ya kwanza kuliko kugundua wenyewe. Na wanaokwenda shule wapewe maji ya nyumbani katika chupa, kwa sababu zile hesabu za Brown na Clasen haziulizi kama mtoto alikunywa maji mabaya nyumbani au njiani.

Juu ya ndoo yenyewe, tunaomba fedha kidogo za nyongeza. Katika kambi ya wakimbizi huko Malawi mwaka 1993, watu waligawiwa ndoo zenye kifuniko na mdomo mwembamba, zisizoingia mkono, na watoto wadogo wa nyumba zile walihara kwa uchache, kadiri ya theluthi moja. Hakukuwa na dawa yoyote ndani yake. Fundi wa hapa anaweza kutia bomba dogo katika ndoo ya kawaida. Mweka hazina alete bei yake.

La mwisho ni la upimaji. Hatuombi mtu aulizwe kama mtoto wake amehara, kwa sababu tulizozisema. Twaomba wajumbe wawili, mara moja kwa mwezi, waingie katika nyumba 10 bila kutoa habari, wachukue maji ya kunywa yaliyomo, na wapime kama klorini ipo kwa dawa ile inayobadili rangi. Nyumba zilizo na klorini ziandikwe katika daftari, na gharama ya mwezi igawanywe kwa hizo tu, si kwa nyumba zote 40. Gharama hiyo ndiyo itakayosomwa hapa mvua zitakapokwisha, mwezi wa Mei. Ikiwa nyumba 4 tu katika 10 zina dawa baada ya miezi sita, sisi wenyewe tutaleta hoja ya kufunga chombo na kurudisha fedha katika mfuko. Bwana Mwenyekiti, karatasi ya bei imo mezani kwa katibu, na maswali tuko tayari kuyapokea.